Ndege ya Fito na Mikeka

Bibi amefariki. Ujumbe ulikuwa mfupi hivyo hivyo, umetumwa na mdogo wake asubuhi nikiwa nje nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, na nilisimama pale na kikwangulio mkononi mpaka jirani akafungua dirisha kuniuliza kama nimeganda. Mungu amlaze mahali pema. Nalisema hilo kwanza, kwa adabu, kwa sababu najua baada ya hapa adabu itanishinda. Kumbukumbu za marehemu huandikwa kwa sauti ya chini, na mimi huyu bibi sijawahi hata siku moja kumzungumzia kwa sauti ya chini. Tangu jana nakaa mezani kuandika, najikuta nacheka peke yangu, mke wangu anachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Basi nivumilieni, wasomaji wangu. Nina habari ya kiwanja cha ndege cha mji mdogo wa jangwani, ya ndege iliyojengwa kwa fito na mikeka, na ya ndugu wawili walioishi nyumba moja hapa Toronto wakigombana juu yake, na siwezi kuisimulia nikiwa nimenuna.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua safu hii haitaji majina ya watu. Nitamwita Bibi, kama tulivyomwita sote, Watanzania, Wakongo na Warundi. Vijana wa Kikenya walimwita Shosho, ingawa neno hilo si la kwao kaskazini, naye aliitika yote. Alizaliwa kaskazini mwa Kenya kwenye nchi ya ngamia, nje kidogo ya mji ambao enzi hizo ulikuwa na visima, boma la serikali, maduka machache na mchanga wa kumtosha kila mtu. Alikuja huku mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mjane, mtu mzima tayari, kuishi mtaa wa Lawrence Heights na mdogo wake wa kiume. Mdogo wake huyo ni Mwalimu. Alifundisha sekondari huko Kenya kwa miaka mingi, akaja Kanada akafanya kazi kiwanda cha plastiki mpaka akastaafu kwa mara ya pili, na jina la Mwalimu halikumtoka. Ni mtu wa suti hata kwenye sherehe ya mtoto wa miaka miwili. Dada yake alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: alikuwa na kicheko cha kusikika hadi kituo cha basi, na alikuwa akiingia nyumbani kwa mtu anakwenda moja kwa moja kugonga ukuta kwa kiganja, kuona umejengwa kwa nini.

Mimi nilimjua hasa siku nilipompeleka uwanja wa ndege kumpokea mjukuu wake. Gari niliegesha juu kabisa ya jengo la maegesho, mahali unapoona ndege zikishuka. Ikatua moja kubwa, ya ghorofa mbili. Bibi akasimama, akashika ukingo, akaikagua kama mtu anayechagua mbuzi sokoni.

“Hii imenona sana,” akasema.

“Nini, Bibi?”

“Hii ndege. Tumbo yake kubwa. Sisi yetu tulipunguza tumbo.”

Nikamwuliza yenu ipi tena. Wasomaji, swali hilo lilinigharimu ada ya maegesho ya muda mrefu kuliko nilivyopanga, na sijutii. Alinieleza tukiwa tumesimama kwenye upepo, mikono yake ikipinda fito hewani, mpaka simu ikalia: mjukuu ameshatoka, yuko chini na masanduku yake, anauliza tuko wapi.

Kisa chenyewe ni hiki, na nakiandika kama alivyonipa. Wakati wa vita vikuu vya pili Mwingereza alikuwa Kenya, Mwitaliano alikuwa Uhabeshi, na mji wa kina Bibi ulikuwa karibu na mpaka, katikati ya ugomvi usiowahusu. Waingereza wakasawazisha ardhi wakapata kiwanja cha ndege. Usifikirie lami, ulikuwa mstari wa udongo ulioshindiliwa, na ndege zilizokaa juu yake zilikuwa chache. Mwitaliano alikuwa akija na kutupa mabomu. Ndipo mkubwa mmoja wa jeshi alipopata wazo la kutengeneza kiwanja cha uongo mbali kidogo, na ndege za uongo juu yake, ili adui akija amalizie mabomu huko. Wazo zuri sana. Ila ndege ya uongo utaijenga kwa nini, kwenye nchi isiyo na mti wa kupasua mbao? Askari wake walihangaika na vipande vya masanduku na magunia, na kila wakisimamisha kitu, upepo unakibeba. Mama yake Bibi alikuwa akipita na wanawake wenzake kupeleka maziwa kambini. Akasimama, akatazama, akacheka.

“Mama akasema, hawa watu wanajenga nyumba bila wanawake!”

Lazima nieleze hapo, kwa mliozoea matofali. Kwa watu wa kina Bibi nyumba ni kazi ya mwanamke mwanzo hadi mwisho. Anapinda fito zikawa upinde, anazifunga kwa kamba za ngozi, anazivika mikeka aliyoisuka mwenyewe, na siku ya kuhama anaikunja yote na kuipakia juu ya ngamia. Mwanamume akigusa fito anachekwa. Sasa mwambie mtu kama huyo ajenge kitu kirefu, chembamba, chenye ubavu wa mviringo, kisichobebwa na upepo. Ameanza kazi hiyo tangu utotoni! Mkalimani akafikisha maneno, mkubwa akasema haya, tuonyesheni. Wakaonyesha. Nyumba moja ndefu ikawa mwili, nyumba mbili bapa zikawa mabawa, nusu nyumba ikawa mkia, na kabla jua halijawa kali ndege ikawa imesimama. Rubani akapanda ndege ya kweli kwenda kuitazama kutoka juu, akatua, akaizunguka kwa miguu pia, anacheka. Ni ndege kabisa, akasema, ila tumbo limezidi, na mmoja wenu ameiwekea mlango.

Mlango! Mikono ya wale akina mama haikuwahi kufunga nyumba isiyo na mlango, na ilipofika ubavuni ikaacha nafasi yenyewe, na kamkeka ka kuifunika. Tumbo walikubali kulipunguza. Mlango walikataa katakata kuuziba, kwa hoja kwamba nyumba isiyo na mlango utaitunzaje, na rubani akasema kutoka juu hauonekani, uacheni. Basi zikajengwa ndege kadhaa, zote na milango. Na Mwitaliano alikuja! Akazunguka, akaona kiwanja kimejaa, akamwaga mabomu juu ya mikeka, mikeka ikapaa, mbuzi wa watu wakafa, vumbi likakaa hewani mpaka jioni. Ndege za kweli hazikuguswa.

“Halafu, Bibi?”

“Halafu tukawatengenezea zingine!” akasema, akanipiga bega.

Hapo ndipo simu ilipolia, na mimi nikadhani hapo ndipo mwisho. Kama kuna kitabu kilichoandika haya, sikijui. Niliendesha gari kurudi Lawrence Heights nikiwa na furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli, nikitafuta mtu wa kumsimulia, na wa kwanza kumpata alikuwa Mwalimu, mlangoni, anatupokea. Nikaanza. Mwalimu akainua mkono. “Dada alikuwa mtoto mdogo sana wakati huo,” akasema. “Watoto huota. Karibuni chakula.”

Baada ya hapo nikaanza kuangalia, nikaona ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Arusi, akika, Idi, hata vikao vya chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili: Bibi atapata mtu mgeni, ataanza na kiwanja, atafika kwa Mwitaliano, na mara tu anapotamka kwamba mama alikuwa anapeleka maziwa kambini, Mwalimu anasimama. “Basi, dada, watu wana njaa.” Au, “Dada, swala imefika.” Hata siku moja hakumkemea, alimkata tu, kwa upole, kama unavyozima redio ya mtu aliyelala. Watoto wa mtaa walichukua kipande cha hadithi walichokidaka na kukifanya mzaha. “Bibi, where's your plane?” walikuwa wakimwuliza, naye aliwajibu kwa Kiswahili kwamba ndege yake iko njiani. Lakini nilimwona mara moja, baada ya kukatwa mbele ya wageni, akienda kusimama peke yake dirishani, na kile kicheko chake kilikuwa hakipo. Sikupenda kumwona vile.

Kisha ikaja simu kutoka nyumbani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Ndugu yao mmoja alipiga kusema kiwanja cha ndege cha mji wao kinapanuliwa, kwamba uzio mpya utapita mbali, na pale mahali palipoitwa kiwanja cha mikeka matingatinga yameshasawazisha. Aliisema kama habari njema, na ni njema: wagonjwa watafika hospitali kwa ndege, wanafunzi watakwenda chuo bila kula vumbi siku nzima. Bibi aliifurahia. Halafu akanipigia mimi. “Wewe kijana wa gari,” akasema, ingawa ujana mimi ulishanikimbia, “ile mahali imefutwa. Mimi nikifa, Mama hakufanya kitu. Nataka kujenga moja hapa. Mwalimu aone. Si watu. Mwalimu.” Nikamwambia Bibi, tutajenga. Nilisema vile kabla sijajua tutajenga wapi wala kwa nini.

Nilionelea ni uungwana kumweleza Mwalimu kwanza. Tukakaa kwenye mkahawa mmoja wa donati, yeye na tai yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipandisha sauti. “Wewe hujui unachochezea,” akasema. “Unamsikia anavyoanza? Mama alikuwa kambini. Mwanamke, kambini, kwa askari. Unajua watu hufikiri nini wakisikia hivyo? Mama alifariki sijaanza kutembea. Nimelelewa na mjomba, kaka yake kabisa wa tumbo moja, na hakuwahi hata mara moja kutamka jina la mama mbele yangu. Hata mara moja! Nilipokuwa mtu mzima nikajua sababu: aibu. Sina picha yake, sina sauti yake. Nimebakiwa na jina lake tu, na dada analipeleka kambini kila arusi.” Nilikuwa nikimwona mtu anayemnyamazisha dada yake, kumbe alikuwa amesimama mlangoni analinda heshima ya mama yake asiyemjua. Wote wawili walikuwa wakimpigania mwanamke mmoja, na kila mmoja alidhani mwenzake anamwangamiza.

Mtu mwenye busara angeacha hapo. Mke wangu ana busara, na yeye ndiye aliyesema tusiache. Sisi tunakaa Crescent Town, kwenye mnara mrefu wa maghorofa, karibu na juu kabisa, na chini yetu kuna uwanja wa majani ambako chama chetu hufanya siku ya familia kila kiangazi. “Rubani aliitazama kutoka juu,” mke wangu akasema. “Sisi juu tunako.” Wasomaji, nilimwoa kwa sababu nyingi, lakini siku hiyo niliongeza moja.

Basi siku ya familia ikafika, na sijaona siku kama ile tangu nije nchi hii. Mrundi mmoja anayefanya kazi ya kupogoa miti ya bustani alileta pikapu imejaa matawi marefu ya ule mti wa kandokando ya mito, laini, yanayopindika bila kulia. Mikeka ilitoka misikitini na majumbani, ya plastiki, ya kijani na ya zambarau. Wakakosa ya kutosha, akina mama wakapanda lifti wakarudi na mapazia, na mmoja alileta pazia lake la bafuni lenye picha za samaki. Bibi aliketi kwenye kiti cha kukunja katikati ya uwanja, fimbo mkononi, akiongoza.

“Pinda! Usivunje, pinda! Umepinda kama mwanamume!”

“Bon, maman, na hii aile tufunge wapi? Iko inaanguka!” akalia mama mmoja wa Bukavu, ameshika bawa zima peke yake.

“Funga kwa mgongo! Mgongo ndio inabeba!”

Wanaume tulifukuzwa kwenye fito. Tulipewa nyama tuchome. Vijana walianza kwa kucheka na simu zao juu, wanapiga picha, na taratibu simu zikaingia mfukoni, kwa sababu kitu kilikuwa kinainuka. Mwili kwanza, kama tumbo la nyangumi. Kisha bawa moja, kisha la pili. “Wah, Shosho amecheza kama yeye!” akamsifu kijana mmoja. Msimamizi wa jengo alikuja na kofia yake kuuliza ni hema la nini, maana kibali chetu hakikutaja hema. Nikamwambia si hema, ni ndege. Akaitazama kwa muda, akasema kwa ndege hana kanuni, ila jioni iwe imeondoka. Mimi moyo ulikuwa ukinienda mbio kama nacheza mpira.

Ndipo Mwalimu akafika, na suti yake. Akaona. Akageuka kuondoka. Mke wangu akamwahi, akamshika mkono kama mkwe, akamwambia, “Shikamoo Mwalimu, jua hili ni kali, mume wangu akupeleke juu unywe chai.” Hakuna mwalimu wa kizazi kile anayekataa chai ya mke wa mtu aliyemwamkia kwa heshima. Tukapanda. Nilimpa kikombe, nikafungua mlango wa roshani, nikatoka mimi, na baada ya kitambo naye akatoka.

Nilikuwa nimeiona ile ndege kutoka ubavuni kwa saa nzima. Nilijua ni matawi na mapazia, nilijua wapi pana samaki. Nikainama nikatazama chini, na nywele zilinisimama. Ilikuwa ndege. Sisemi ilifanana na ndege. Ilikuwa imekaa pale kwenye majani, mabawa yamenyooka, mkia umekaa sawa, na kama ningekuwa na bomu na chuki ningelitupa. Simu yangu ikalia, ni mke wangu, na nyuma yake sauti ya Bibi inapiga kelele: “Muulize anaona nini! Muulize!”

Mwalimu alishika chuma cha roshani kwa mikono miwili. Kikombe alikuwa amekiweka sakafuni. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, “Bawa la kushoto limezidi.”

“Anasema bawa la kushoto limezidi!” nikapaza kwenye simu, na kutoka chini kukapanda shangwe ambayo sitaisahau. Vigelegele! Mama wa Bukavu alikuwa akiruka. Hakuna mtu anayesema bawa limezidi kama haoni bawa. Mwalimu akageuka akanitazama, macho yamejaa maji, akasema bado haithibitishi kitu, inathibitisha tu kwamba dada anajua kujenga. Lakini alikuwa ameshaelekea kwenye lifti.

Chini alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa ile ndege. Palikuwa na mlango. Hakuna aliyewaambia wale akina mama waweke mlango. Bibi alikuwa ameuacha bila kufikiri, na pazia limeushukia. Mwalimu akavua viatu. Akainama na suti yake akaingia. Bibi akanyanyuka kwenye kiti, akaweka fimbo chini, akamfuata. Upepo ulikuwa umeanza, mkia unatikisika, nikaitwa niushike, ndiyo sababu nilikuwa karibu vile, na ndiyo sababu nilisikia. Mkeka ni mkeka tu, hauzuii sauti.

“Alikuwa kambini peke yake?” Mwalimu aliuliza, kwa Kiswahili chake cha darasani.

“Peke yake? Nani alisema peke yake? Wanawake wa boma yetu mzima. Nyanya yetu alikuwa, mama ya baba. Baba mwenyewe alileta ngamia na fito, akakaa mbali kwa sababu ya kuchekwa. Wewe ulifikiri nini?”

“Mjomba hakuwahi kutaja jina lake,” Mwalimu akasema.

“Angetaja vipi? Kwetu mtu amefiwa na dada yake, hatamki jina yake tena. Ndiyo heshima. Mjomba alimpenda sana, alinyamaza mpaka akaenda kaburini. Hukujua hii?”

“Nilikuwa shule. Nilikuwa bweni.”

“Ulikuwa shule,” Bibi akasema, na hakukuwa na lawama ndani yake hata chembe. Halafu nikasikia kile kicheko kinaanza, kidogo kidogo. “Na tena wewe ulikuwa pale.”

“Nilikuwa sijazaliwa, dada.”

“Ulikuwa kwa tumbo. Kubwa hivi! Mama hangeweza kuinama, yeye alifunga fito za juu, mimi nikafunga za chini. Siku ile mabomu yameanguka, kesho yake alirudi na wewe tumboni, tukawatengenezea zingine. Wewe umejenga ndege kabla hujaona jua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Umeniacha lini nikamaliza?”

Nilisikia mtu mzima akilia, na nilisikia mtu mzima mwingine akimbembeleza kwa lugha yao, ambayo siijui, na mimi na ule mkia wangu tulilia pia. Niliona fahari kuwa pale. Akina mama waliacha kila kitu wakasimama mbali, hata watoto, na hakuna aliyewaita mpaka walipotoka wenyewe.

Nimefikiri sana juu ya kazi tangu siku ile. Sisi tuliokuja huku tunaulizwa kila mahali tunajua kufanya nini, na tunajibu kwa vyeti. Mhandisi anasema mhandisi, dereva anasema dereva. Ile kazi ya mikono ya mama zetu, ya kupinda, kusuka, kufunga kitu kisiondoke na upepo, hatuitaji kwa sababu ilikuwa ndani ya nyumba, na kilicho ndani ya nyumba tunakiona kama hewa. Lakini kiwanja kile cha jangwani kilisimama kwa sababu ya hewa hiyo. Leo ndege zinatua pale na wagonjwa na wanafunzi, na hapana kibao kinachosema kwamba wanawake waliwahi kurudi mahali palipopigwa mabomu jana, mmoja wao na mimba kubwa, kufunga mikeka upya. Jioni ile akina mama waliivunja ndege ya Crescent Town kwa dakika chache, wakaikunja, wakaipakia kwenye pikapu, na pazia la samaki likarudi bafuni kwake.

Baada ya hapo Bibi alisimulia popote alipotaka. Mwalimu, tuliyekuwa tukimhofia, ndiye aliyekuwa akiomba watu wanyamaze. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya furaha, naweza kuapa, na alipougua hakuugua muda mrefu. Tulimzika kwenye ardhi ngumu ya baridi, tukaenda kwenye hitima, ukumbi ukajaa. Baada ya dua Mwalimu akasimama. Nilidhani atashukuru watu kisha aketi, ndivyo alivyo. Badala yake akashika tai yake, akatazama wale watoto wa mtaa waliokuwa wakimtania marehemu, akaanza kwa Kiswahili cha taratibu ili wamfuate. “Wakati wa vita,” akasema, “mimi, mama yangu na dada yangu tulijenga ndege.” Na akasimulia mpaka mwisho, chakula kikipoa, na hakuna aliyenyanyuka.

Nilichojifunza kwa Bibi nakitoa hapa kwa moyo wote, kwa sababu nyumba zetu huku zimejaa wazee na sisi tuna haraka. Mzee wako akianza ile hadithi unayodhani umeshaisikia, usimwambie watu wana njaa. Mwache amalize. Huenda huko mwisho, mahali ambapo hukuwahi kumruhusu afike, wewe ndiye unayesubiriwa.